Homa ya Papasi: Nani Anahesabu?

Uliza pale kafteria ni ugonjwa gani unaoletwa na kupe. Wa kwanza kujibu atasema ndigana ya ng'ombe, wa pili atasema hajui. Lipeleke swali hilo hilo kijijini Ugogo, kwa mtu mzima aliyelala miaka mingi kwenye tembe, naye atakusahihisha kwanza: kupe ni wa mifugo, anayesumbua watu ndani ya nyumba ni papasi. Mzee huyo hajakaa darasa la baiolojia, lakini yuko sahihi kuliko wale wawili wa kafteria.

Makala hii inahusu homa inayoletwa na papasi, na hasa swali moja linaloonekana jepesi: homa hii ipo kwa kiasi gani vijijini kwetu? Swali hili linatuhusu sisi tunaosoma ualimu, maana wengi wetu tutapangwa shule za vijijini, tutapanga vyumba vya udongo na tutafundisha watoto wanaolala humo. Linawahusu pia wengine wote wanaosoma takwimu za afya na kuziamini zilivyo. Namba ya ugonjwa inakwambia wangapi wameonekana. Wangapi wanaumwa ni habari nyingine, na kati ya hizo mbili amekaa mtu mmoja mwenye kifaa fulani mkononi.

Papasi na kazi yake ya usiku

Papasi ni ndugu wa kupe, ila tabia zao ni tofauti. Kupe hupanda juu ya ng'ombe au mbuzi akaganda hapo kwa siku kadhaa, mpaka avimbe. Papasi hana mwili mgumu kama wa kupe. Ngozi yake imekunjamana na rangi yake inafanana na udongo. Anakaa kwenye nyufa za ukuta na vumbi la sakafu. Usiku watu wakishalala anatoka, ananyonya damu kwa muda usiozidi saa moja hivi, anarudi kwenye ufa wake. Asubuhi humwoni. Anaweza kukaa na njaa miaka kadhaa bila kufa, kwa hiyo hata nyumba iliyohamwa muda mrefu inaweza kuwa inamsubiri mpangaji mpya.

Katika kunyonya, papasi huacha bakteria mwembamba aliyejisokota kama uzi wa skrubu. Jina lake la kitaalamu ni Borrelia duttonii. Limetokana na Joseph Dutton, daktari Mwingereza aliyekuwa akichunguza homa hii mashariki mwa Kongo, ikampata yeye mwenyewe, akafia Kasongo mwaka 1905. Mwaka huo huo Robert Koch, Mjerumani yule yule wa bakteria wa kifua kikuu, alikuwa katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, nchi yetu ya leo, akipasua papasi waliookotwa kwenye njia za misafara. Aligundua jambo linalotisha: papasi jike huwarithisha bakteria watoto wake kupitia mayai. Maana yake ni kwamba papasi anaweza kuzaliwa akiwa tayari na ugonjwa kabla hajamuuma mtu yeyote.

Mgonjwa anashikwa ghafla. Homa kali, kichwa, baridi, viungo kuuma, wakati mwingine kutapika. Baada ya siku kama tatu homa inakatika. Nyumbani watu wanashukuru, mtoto anarudi shule. Kisha, baada ya wiki moja hivi, homa inarudi. Inaweza kurudi mara kadhaa, na ndiyo sababu wataalamu huiita homa ya kujirudia.

Kwa nini inarudi? Mwili unapompiga vita bakteria huyu unamtambua kwa vazi lake la nje. Wengi wanauawa, lakini wachache wanakuwa wamebadilisha vazi. Ni kama mwanafunzi aliyefukuzwa getini kwa kukosa sare, akazunguka, akarudi amevaa sare ya mwenzake: mlinzi anaanza upya. Wale wachache wanazaana, homa inapanda tena.

Ni ugonjwa unaotibika kwa dawa za antibiotiki za kawaida, wala si za gharama kubwa. Lakini usipotambuliwa unaumiza sana makundi mawili: watoto wadogo na wajawazito. Hospitali ya Sikonge mkoani Tabora, kwenye uwanda huu huu wa kati, ilifuatilia wajawazito waliolazwa kwa homa ya papasi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997: karibu nusu ya mimba hizo zilipotea, ama kwa kuharibika ama kwa mtoto kufa karibu na siku za kuzaliwa. Hapo ndipo swali la "ipo kiasi gani" linapoacha kuwa la mtihani.

Njia tatu za kuhesabu, majibu matatu

Njia ya kwanza ni kufungua daftari la hospitali. Unahesabu waliokuja, wakapimwa, wakaonekana nao. Hospitali ya Mvumi, iliyoko wilaya ya Chamwino, kusini-mashariki mwa mji wa Dodoma, imetajwa sana na watafiti wa homa hii kwa sababu kwa miaka mingi wagonjwa wake walipimwa na kuandikwa. Uzuri wa daftari ni kwamba lipo tayari. Ubaya wake ni kwamba linamjua tu aliyefika. Aliyekunywa dawa ya duka, aliyekosa nauli, aliyepona mwenyewe kwa muda, na aliyefia nyumbani, wote hawamo.

Njia ya pili ni kutoka nje ya hospitali na kupima watu, wenye homa na wasio na homa. Hili lilifanyika Mvumi, na mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Mtanzania, William Kisinza, walitoa matokeo katika jarida la kitabibu la Lancet. Walitafuta vinasaba vya bakteria katika damu ya watoto. Kati ya watoto 54 waliokuwa na homa, asilimia 11 walikutwa nao. Kati ya watoto 307 ambao hawakuwa wagonjwa, asilimia 4 walikutwa nao pia.

Hebu tupige hesabu, ni ya darasa la saba tu. Asilimia 11 ya 54 ni watoto sita. Asilimia 4 ya 307 ni watoto kama kumi na wawili. Kwa hiyo katika kundi lililopimwa, watoto waliokuwa na bakteria huku wakicheza nje walikuwa wengi kuliko waliokuwa nao wakiwa wamelala na homa. Si halali kuchukua namba hizo na kuzitangaza kwa mkoa mzima. Makundi mawili hayakuwa na ukubwa sawa, na kijiji kimoja hakisemi kwa niaba ya vijiji vyote. Lakini jambo moja liko wazi. Daftari la hospitali, hata likitunzwa vizuri namna gani, lisingemwona hata mmoja wa wale kumi na wawili. Hakuna mzazi anayempeleka hospitali mtoto anayecheza.

Njia ya tatu ni kukaa na kijiji kimoja kwa muda mrefu na kuandika kila homa inayotokea. Kijiji cha Dielmo nchini Senegal, ambako kuna homa ya aina hii inayoletwa na papasi wa kule, kilifuatiliwa kwa miaka 14. Wastani ulikuwa wagonjwa 11 kwa kila watu 100 kwa mwaka. Angalia tofauti ya namba hii na zile za Mvumi. Za Mvumi zinasema wangapi wana bakteria siku ya kupima. Ya Dielmo inasema wangapi waliugua ndani ya mwaka. Ni sawa na tofauti kati ya kuhesabu wanafunzi waliopo darasani leo na kuhesabu waliowahi kukosa shule kwa ugonjwa tangu Januari. Zote ni kweli, lakini ukizichanganya unapotosha watu, na magazeti huzichanganya kila siku.

Na virusi je?

Msomaji wa sayansi ya afya ataniuliza: mbona unazungumzia bakteria tu, kupe hawana virusi? Wanavyo. Maarufu zaidi ni virusi vya homa ya Crimea na Kongo. Jina hilo refu ni historia yenyewe: ugonjwa ulielezwa kwa askari wa Kisovieti huko Crimea mwaka 1944, kisha virusi vikapatikana kwa mgonjwa Kongo mwaka 1956, na baadaye maabara zikagundua kwamba ni kitu kimoja. Mtu huvipata kwa kuumwa na kupe wa mifugo au kwa kugusa damu ya mnyama aliyeambukizwa, hasa wakati wa kuchinja. Mnyama mwenyewe haonyeshi dalili, kwa hiyo mchinjaji hana cha kumshtua. Majirani zetu Uganda wamekuwa wakitangaza milipuko ya ugonjwa huu tangu mwaka 2013.

Kwa virusi kama hivi, kuhesabu kunakwenda kwa njia ya kingamwili. Virusi hukaa kwenye damu siku chache, lakini askari ambao mwili uliwatengeneza kupigana navyo hubaki miaka. Mtafiti akichukua damu ya wafugaji na kukuta kingamwili, anajua virusi vilishapita, hata kama mfugaji mwenyewe anakumbuka tu kwamba mwaka juzi aliumwa "malaria". Kingamwili ni kama alama ya wino kwenye kidole baada ya uchaguzi: haikuambii alipiga kura saa ngapi, inakuambia tu kwamba alifika.

Sisi wa Dodoma tuna kumbukumbu yetu ya karibu kuhusu virusi vya mifugo, ingawa hiyo ililetwa zaidi na mbu kuliko kupe. Ni homa ya Bonde la Ufa ya mwaka 2007. Kati ya Januari na Juni, watu 511 walishukiwa kuugua katika mikoa 10 ya Tanzania, Dodoma ukiwa miongoni mwa iliyoumia zaidi, na 144 wakafariki. Ukigawanya, ni kama watu 28 kwa kila 100. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema kwa jumla vifo vya homa hiyo ni chini ya asilimia 1 ya wanaougua. Je, virusi vya Dodoma vilikuwa vikali mara thelathini kuliko vya kwingine? Hapana. Waliohesabiwa ni wale waliozidiwa mpaka wakaonekana. Mamia au maelfu walioumwa kichwa siku mbili wakaendelea na palizi hawakuingia chini ya mstari wa kugawanyia. Juu ya mstari vifo vilionekana vyote au karibu vyote. Chini ya mstari watu wengi walikosekana.

Homa ya papasi ina tatizo hilo hilo, tena mara mbili: wagonjwa wengi hawafiki, na wanaofika hawapimwi kwa kifaa kinachomwona bakteria.

Kifaa kilichobadilika

Zamani, mtu mwenye homa akifika kituoni alichomwa kidole, tone la damu likapakwa kwenye slaidi na mtaalamu wa maabara akaangalia kwa darubini. Alikuwa anatafuta malaria. Lakini darubini haina ubaguzi: ukitafuta malaria na kukawa na nyuzi zilizojisokota kati ya chembe za damu, utaziona. Wagonjwa wengi wa homa ya papasi walipatikana hivyo, kwa njia ya mtu aliyekuwa anatafuta kitu kingine.

Kisha kikaja kipimo cha haraka cha malaria, kile kijiplastiki chenye mistari. Nisieleweke vibaya, ni kitu kizuri mno. Kimefika kwenye zahanati zisizo na umeme wala darubini, kinatoa jibu ndani ya dakika chache, na kimewaokoa watu wengi wasinywe dawa ya malaria bila sababu. Ila kimetengenezwa kujibu swali moja tu. Kinatambua protini ya vimelea vya malaria. Bakteria wa papasi hata wakijaa kwenye tone lile, mstari hautatokea. Jibu litakuwa "hana malaria", nalo litakuwa jibu sahihi kabisa.

Sasa fikiria Dodoma, mkoa ambao ni kati ya yenye malaria kidogo nchini. Hapa watu wengi wenye homa watapimwa na kuambiwa hawana. Halafu? Mara nyingi kinachofuata ni dawa ya kutuliza homa na kuambiwa rudi usipopata nafuu. Na kwa homa ya papasi nafuu inakuja, ndiyo maumbile yake. Mgonjwa harudi. Ikija raundi ya pili, anaonekana ni mgonjwa mpya mwenye homa mpya, na kwenye vitabu vya MTUHA anaandikwa upya kama homa isiyojulikana chanzo, au UTI, au taifodi.

Hata penye darubini kuna mtego. Bakteria hawa huonekana kwenye damu wakati homa imepanda. Homa ikishuka wanapungua mpaka jicho haliwapati. Mama akimpeleka mtoto siku ya nne, joto likiwa limeshuka, slaidi itakuwa safi.

Kwa hiyo ukisikia homa ya papasi imepungua, una haki ya kuuliza imepungua wapi. Inawezekana imepungua kweli. Nyumba zinabadilika: tembe zinapungua, bati na matofali ya kuchoma yanaongezeka, sakafu za saruji zinamnyima papasi makazi. Mvumi kwenyewe ilishaonyeshwa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998, kwamba kupulizia dawa nyumba zenye papasi kunapunguza ugonjwa kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hiyo ni njia ya kwanza ya namba kushuka, na ni ya kufurahia. Njia ya pili ni kuacha kutazama. Kwenye grafu, njia hizo mbili zinachora mstari ule ule. Na mtu wa mwisho kunufaika na saruji ni yule yule anayetegemea zahanati isiyo na darubini.

Daftari jingine ambalo halijafunguliwa

Hapa ndipo mwalimu anapoingia. Kila asubuhi mwalimu wa darasa anaita majina na kuweka alama. Daftari la mahudhurio ndilo pekee kijijini linaloandika watoto wote kila siku ya shule, wagonjwa na wazima, waliofika zahanati na wasiofika. Tumefundishwa kulitumia kuhesabu utoro. Lakini litazame kwa jicho la ugonjwa unaojirudia: mtoto hayupo siku tatu, anarudi, anasoma wiki moja, hayupo tena siku mbili tatu, anarudi. Mtoro wa kawaida mara nyingi hukosa siku za mnada au za mavuno. Huyu ana mwendo wa saa.

Daftari halitibu wala halithibitishi ugonjwa. Malaria isiyomalizwa dozi inaweza kufanana na hivyo, na matatizo ya nyumbani pia. Lakini linaweza kumfanya mwalimu aulize kabla ya kuchapa: ulikuwa na homa? Ilikatika yenyewe? Unalala wapi, kitandani au chini kwenye mkeka? Kuku wanalala humo humo? Swali la kuku si la utani. Watafiti waliokuwa Mvumi walikuja kukuta bakteria wa aina hii kwenye damu ya kuku na nguruwe pia, na kuku wa kulala ndani humlisha papasi hata usiku ambao mwenye nyumba hayupo.

Na kwa sisi wenyewe tutakaokwenda BTP na baadaye kuajiriwa: chumba cha udongo si cha kukidharau, ndicho wenyeji wetu wanachoishi. Ziba nyufa kwa udongo au saruji kabla ya kuhamia. Weka kitanda mbali na ukuta, usilale chini, chandarua kichomekwe chini ya godoro maana papasi haruki, anatambaa. Usipokee godoro au mkeka wa mtu bila kuukung'uta juani. Mwenyeji aliyekulia hapo anaweza kuwa na kinga kiasi baada ya kuumwa tangu utotoni. Wewe mgeni kutoka Dar es Salaam au Mwanza huna. Na kama ni mjamzito, usisubiri raundi ya pili.

Zaidi ya yote, jifunze sentensi ya kusema ukifika zahanati, kwa ajili yako au kwa ajili ya mwanafunzi. Mhudumu ana wagonjwa arobaini nje na kipimo kimoja cha haraka mezani, msaidie kufikiri. Mwambie hivi: "Homa hii ilikuja, ikaisha, imerudi. Analala nyumba ya udongo. Kipimo cha malaria kimesema hana. Kama hapa hakuna darubini, tunaomba rufaa ya kituo chenye nayo, leo, kabla homa haijashuka."